Usingizi Uliouacha Banini

Rwinga, Namtumbo

Mpwa wangu,

Salamu zako mama yako amezifikisha, pamoja na karanga. Huku wazima, ila goti na presha havinisahau. Mahindi yamekauka vizuri, na nyani wameshachukua fungu lao kama kila mwaka.

Mama yako hakuja kwa ajili ya karanga tu. Anasema tangu mmalize kuuza tumbaku hulali: unaamka saa nane za usiku, unakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Mtoto akiangusha kikombe unafoka kama kachoma nyumba. Mpira wa jioni umeuacha, na ukitoka ni kilabuni, kwenye pombe ya komoni. Mkeo ndiye aliyemwambia, naye akaniambia mimi. Usimgombeze. Ningemlaumu kama angenyamaza.

Nimeshika vitabu vya chama cha msingi cha ushirika miaka mingi, nami naijua tumbaku ya moshi inavyomtafuna mtu. Tabora wanakausha kwa mvuke. Sisi moto tunauwasha humohumo ndani ya bani la kukaushia ili jani linywe moshi. Ukizidi, bani linateketea na mali yote. Ukififia, jani linaharibika. Basi mwanamume anahamia banini, anasinzia juu ya gogo, anashtuka kusogeza kuni, anasinzia tena, usiku baada ya usiku. Na kabla ya hapo alikuwa akichuma majani yenye umande, nikotini ikimpenya ngozini, mchana anashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu akidhani ni jua. Mwili uliofundishwa kukesha namna hiyo hauachi kwa sababu tu marobota yamepakiwa kwenye lori.

Halafu yanakuja makato. Mbolea, dawa, mfuko wa chama, vyote vinakatwa kabla hujashika hata noti moja. Nikiwa dirishani nimewaona wanaume wakiisoma ile karatasi, wakarudia kuisoma, wakaikunja mpaka ikawa ndogo kama kibiriti, wakaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Wanaaga kwa heshima, wanaondoka. Nyumbani hawasemi kitu. Mke atakuja kuijua habari siku ya kufua shati.

Watu huusifu ukimya huo, wakasema mwanamume kakaza. Mimi siusifu, maana najua ulikotoka. Babu yako, baba yetu mimi na mama yako, alikwenda Tanga kukata mkonge akiwa manamba, kama wanaume wengi wa Songea. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri watu wa mbali, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, na huku kwetu walichota sana. Kule mtu alikuwa na kipande chake, kadi ya kuandikiwa kazi, na kazi ya siku isiyotimia haikuandikwa. Ukilalamika nani akusikilize? Kunyamaza kambini kulikuwa akili. Shida ni kwamba mzee alirudi nao ukimya ule pamoja na blanketi, nasi tuliozaliwa baadaye tukaufanya mila. Si mila. Mila ya kwetu ni kijana mwenye zito moyoni kwenda kwa mjomba wake, na kama haji, mjomba anaandika barua.

Sasa nikuambie ninachokifahamu. Mtu akikosa furaha au akiwa na hasira isiyoisha, usingizi umekatika, vitu alivyovipenda havimvuti tena, amechoka bila kazi, na hali hiyo ikadumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, madaktari wanaiita sonona. Inatibika. Kwa sisi wanaume mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na ukali na pombe, ndiyo maana watu wanaona tabia mbaya badala ya ugonjwa. Hiyo komoni inakulaza saa mbili tatu za mwanzo, kisha yenyewe ndiyo inayokuamsha usiku wa manane. Lakini kama unakunywa kila siku, usiikate ghafla peke yako. Mwambie daktari kiasi unachokunywa, bila kupunguza hesabu, maana mwili uliozoea huweza kutetemeka na hata kuanguka kifafa.

Hospitalini pengine utapewa ushauri tu, pengine na dawa. Ukipewa dawa, ujue si Panadol. Huchukua wiki kadhaa ndipo mtu aone nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema wamepewa unga wa chaki. Kijiweni watakwambia unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Waache. Watu wengi wenye sonona hutibiwa wakitokea nyumbani, wakiendelea na shamba.

Kuna swali nataka unijibu uso kwa uso: umewahi kuwaza kwamba afadhali usiwepo? Kuuliza hakumtii mtu wazo, usiogope kwamba nimelileta mimi. Najua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa, na hofu hiyo imewafunga wengi midomo. (Kenya, Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Sisi bado.) Kuwaza si kosa, na kumweleza daktari si kosa. Hata kama jibu lako ni hapana, dawa za wadudu zilizobaki nyumbani kwako zipeleke leo ghala la chama, au mama yako azifungie na ufunguo akae nao yeye. Wazo la namna hiyo huja kwa nguvu na hupita, ila lisikute kitu karibu. Likikujia kabla hatujaonana, usikae peke yako: mwamshe mkeo, nipigie hata iwe usiku gani, nitakuja.

Kama makato yamekuachia deni, tutalitazama pamoja. Njoo na karatasi ya makato, niipitie mstari kwa mstari. Bado naujua mwandiko wa makarani. Mimi naona mwakani upunguze tumbaku nusu, upande ufuta au soya. Bei hupanda na kushuka, lakini vinauzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani na wala havikulazi banini. Hilo tutalibishania.

Jumatatu nina kliniki ya presha hospitali ya wilaya. Panda gari la asubuhi, usiwe umekunywa, tukutane mapokezi. Nimeshamuuliza mganga mmoja pale, amesema nije nawe. Mkeo naye aje akipata wa kumwachia watoto. Nauli nimemkabidhi mama yako.

Mjomba wako