Kitabu cha Babu Chapanda Treni hadi Ujiji

Treni ya Reli ya Kati haina haraka na mtu. Tulipoiacha Tabora nilikwisha kuwa mwenyeji wa behewa: karanga, mayai ya kuchemsha na asali nilinunua dirishani bila kunyanyuka, huku mkono mmoja umeshika begi. Ndani ya begi, kwenye taulo, mlikuwa na kitabu cha marehemu babu: simulizi ya Henry Morton Stanley ya jinsi alivyompata Livingstone. Ndugu zangu walikwisha kukipigia hesabu. Mmoja alikuwa anatafuta kiwanja.

Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inakomea karibu kabisa na maji. Nilitoka stesheni, nikasimama nikishangaa. Ng'ambo ni milima ya Kongo, mawimbi yanapiga, na upepo wenyewe ni wa baharini. Nikateremka, nikachota kwa kiganja, nikaonja. Hayana chumvi! Mimi ni mtoto wa Tanga, nimezoea maji kupwa na ngalawa kukaa mchangani. Hapa nilingoja hadi alasiri na ziwa halikusogea. Kina chake ni kama mita 1,470, na duniani kote linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Pale Kibirizi dagaa walikuwa wameanikwa hadi nikakosa pa kukanyaga. Chakula cha mchana kilikuwa mgebuka uliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Kwetu samaki bila nazi ni samaki wa mgonjwa, lakini sahani niliirudisha nyeupe.

Asubuhi nikapanda daladala ya Ujiji. Nilitarajia kijiji, nikakuta mji wa baraza, kofia na kanzu, na adhuhuri adhana zikajibizana kama niko nyumbani. Penye makumbusho ya Livingstone kuna miembe, jiwe la ukumbusho, na ndani sanamu za wale Wazungu wawili wakivuliana kofia. Stanley aliandika kwamba walikutana Novemba 10, 1871. Wanahistoria wengi huirudisha siku hiyo nyuma, hadi mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa homa ilimpotezea hesabu ya siku.

Mzee mmoja aliyekuwa kivulini aliniona nikifungua taulo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho umekuja kukiuza?"

"Nataka kwanza kujua bei yake."

Alicheka. Hapo hakuna mtu wa kupima bei ya vitabu. Basi nikampigia simu muuza vitabu vikuukuu wa Nairobi niliyekuwa nimepewa namba yake, na somo likaanza palepale chini ya mwembe. Akaagiza picha: jalada, mgongo, ukurasa wa jina, kila mchoro, kila ramani. Mwaka 1872 ulipoonekana chini ya jina la Sampson Low, mchapaji wa London, moyo ulinidunda. Yeye hakushtuka. Kitabu kile kiligombewa sana, akasema, kikachapwa tena mwaka uleule, na changu kimeandikwa toleo la pili. Halafu akauliza: ramani ya kukunja iko wapi? Nikapekua. Pale ilipokuwa pamebaki ukingo wa karatasi upana wa kidole, na mkanda wa selotepu uliogeuka rangi ya chai. Nikamwelewa haraka, maana hata kanga ikibaki kipande kimoja hakuna atakayekupa bei ya doti.

Bei aliyotaja ingetosha nauli yangu ya kwenda na kurudi, na migebuka kadhaa juu yake. Kiwanja, hapana.

Mzee hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameuinamia mchoro wa kukutana, na wale waliovuliana kofia hakuwatazama kabisa. Kidole chake kilipita juu ya vilemba vya Waarabu, bendera, bunduki za wapagazi. Alikuwa anamtafuta Susi, yule mtumishi wa Livingstone ambaye, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, ndiye aliyejitokeza kumlaki kwa Kiingereza kabla Stanley hajamwona Livingstone. Miaka miwili baadaye Susi na mtumishi mwenzake Chuma waliongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo. Mzee akasimama kwenye uso mmoja, akahamia mwingine, akaita wenzake, na ubishi ukawa mkubwa. Mwishowe akataka nakala ya ukurasa ule.

Muuza vitabu alinikataza kukilaza kitabu kwa nguvu, mgongo usije ukapasuka, kwa hiyo nikaupiga mchoro picha kwa simu, tukaenda duka la fotokopi karibu na soko. Kijana akauliza tunataka ya rangi au nyeusi. Mzee akamtazama, kisha akanigeukia: "Mwambie ya rangi. Susi nimtafute vizuri."