Mwanaidi, Jisome Mwenyewe

Tanga

Mwanangu mpenzi Mwanaidi,

Sisi huku wazima. Bibi yako mguu umepona, sasa anafika hadi uwani bila mkongojo. Mama yako kanisimulia yaliyotokea hapo kwenye duka la dawa, kwamba ulimfokea mzee wa watu kwa kusahau cheti cha daktari, akaondoka kanyong'onyea. Sikuandikii kukugombeza. Nakuandikia kwa sababu nakujua.

Nimekulea, kwa hiyo tabia zako nazijua pengine kuliko unavyozijua wewe. Hasira ikikupanda husemi kwanza. Unafunga droo kwa kishindo. Ukiwa na njaa unanuna. Ukiogopa unacheka, na asiyekujua hudhani unamdharau. Hizo ndizo dalili zako, mwanangu, na zote hutangulia maneno.

Nilipokuwa muuguzi, wodini kwetu tulikuwa na sista kiongozi mmoja. Asubuhi, kabla ya kupokea ripoti ya waliokesha, alikwenda kwenye sinki akanawa mikono taratibu, kisha akatugeukia: "Leo sikulala vizuri. Mkiniona nafoka, mnikumbushe." Hakuna aliyemdharau kwa neno hilo, tena tulizidi kumheshimu. Kwake ndiko nilikojifunza kujipima mimi kabla sijampima mgonjwa.

Na si mambo ya wodini tu. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na woga. Waliotakiwa kuitaja hisia kwa jina lake, amigdala yao, ile sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari, ilitulia. Sasa wewe kila kitu unakiita uchovu. Umechoka, au umeona wivu mwenzako kuongezwa mshahara? Umechoka, au kodi ya chumba inakunyima usingizi? Litaje, hata kimoyomoyo.

Halafu hiyo simu, iache mpaka utoke kitandani. Unaamka na ugomvi wa magrupu, unakwenda kazini bila chai, saa tano mteja anakukuta tumbo tupu na moyo umekujaa. Kunywa chai kwanza, hata kwa kiporo. Jioni, kabla hujalala, jiulize: leo nilipandisha sauti saa ngapi? Nilikuwa nimekula? Usiku wa kuamkia leo nililala? Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa. Baada ya wiki chache utaona hasira zako zina ratiba, na ukishaijua ratiba yake unaweza kumwomba mwenzako akushikie kaunta kidogo, ukanywe maji.

Yule mzee akirudi, muwahi kwa shikamoo, umwombe radhi wenzako wakisikia. Asiporudi, uliza anakaa wapi, umfuate.

Ng'onda na nazi nitampa kondakta wa basi la asubuhi, Jumamosi. Uwahi kuvipokea stendi ya Msamvu.

Wasalaam,
Shangazi yako