Chemchemi ya Januari

Watoto walipohama, mimi na mume wangu tulibaki Minnesota na ukimya mezani. Ndipo tukaanza kwenda Florida kila Januari. Tunaokota kombe ufukweni Sanibel, tunasikiliza kengele za mnara katika bustani ya Bok, kisha tunakwenda Blue Spring kuwatazama nguva. Mto St. Johns ukipoa, wanyama hao hukimbilia chemchemi hiyo, ambayo maji yake hubaki na nyuzijoto 22 hivi mwaka mzima. Hukaa humo, mama na ndama wake, hadi baridi ipite.

Pale ukingoni tulianza tena kuzungumza, na jioni kusali rozari pamoja. Ndugu waseminari, mtakapowaandaa wachumba, waambieni kwamba hata ndoa ya miaka mingi huingiwa na baridi. Watafute mapema chemchemi yao.