Baina ya Kuezua na Kuezeka

Wanasarufi huiita kauli ya kutendua. Mwanafunzi hukaririshwa kunja na kunjua, ziba na zibua. Ni mara chache kuongezewa ezeka na ezua, labda kwa kuwa wengi wetu hatuezui mapaa kila siku. Mimi niliielewa jozi hiyo sawasawa mwaka juzi, nyumba ya marehemu baba yangu mjini Tanga ilipobadilishwa mabati.

Makubaliano yetu na fundi yalikuwa mstari mmoja katika karatasi ya daftari: kuezua bati kuukuu na kuezeka jipya, chumba kwa chumba. Uzito wote ulikuwa katika maneno matatu ya mwisho. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimekwisha kuanza, nasi tulipatana kwamba chumba hakitaezuliwa mpaka kilichotangulia kiwe kimekwisha kuezekwa. Sababu tulimweleza siku ile ile ya mapatano: vyombo vyote vingewekwa chumba cha uani, kitakachokuwa cha mwisho, pamoja na sanduku la tungo za baba. Yeye mwenyewe alishika upande mmoja wa sanduku hilo tulipolihamisha.

Siku ya pili, ili kuokoa ujira wa vibarua, aliliezua paa lote. Jioni kenchi zilibaki wazi kama mbavu, turubai halikuletwa, na usiku mvua ikanyesha hadi alfajiri. Dari lilianguka, godoro likanywa maji, sanduku likajaa.

“Nyumba imevuja, ndugu yangu,” alisema fundi asubuhi, “lakini mvua ni ya Mungu, nami nifanyeje?”

Wapenzi wa lugha wataniwia radhi kwa kulishika neno moja wakati watu wanafagia maji. Nyumba haikuvuja. Huvuja paa lenye tundu; pale paa halikuwapo. Kitenzi hicho kilimfaa fundi kwa sababu hakina mtenda: nyumba yenyewe ndiyo iliyokosa. Mvua ni ya Mungu, hilo sikulibisha. Bati lililokuwa juu jana lilishushwa na nani?

Wanazuoni wa fiqhi hutofautisha mkono wa amana na mkono wa dhamana. Mwenye amana halipi kitu kikiharibika bila uzembe wake. Mwenye dhamana hulipa. Nadhani fundi aliyeezua hana pa kujificha hata akichagua mkono ulio mwepesi, kwa kuwa kuacha nyumba wazi bila turubai katika msimu wa vuli ni uzembe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo yafika hapo hapo kwa njia yake: kifungu cha 73 humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara itokanayo kwa kawaida na uvunjaji huo, au ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kuwa yaweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi. Ya kwetu haikuwa ya mbali. Ilitajwa kwa jina siku ya mapatano.

(Neno kuwajibika nililiepuka makusudi. Siku hizi limezoeleka kwa maana ya kiongozi kuachia cheo, na fundi wetu angefurahi mno kuwajibika namna hiyo, yaani aende zake.)

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitusikiliza barazani kwake, akaisoma ile karatasi mara mbili, akaweka kidole juu ya “chumba kwa chumba”. Dari na godoro vikakatwa katika malipo yaliyosalia. Fundi alikubali bila kelele, na paa alilomaliza baadaye, kusema kweli, ni imara. Tukafika kwenye sanduku. “Hizo ni shilingi ngapi?” aliuliza mwenyekiti. Mama alimtazama, asijibu. Nami sikuwa na hesabu. Nafuu itolewayo na sheria ni fedha, na kwa fedha hatukuwa na neno la kusema. Shauri likafungwa hivyo.

Baba alikuwa na desturi ya kutunga kwa penseli, kisha kunakili kwa kalamu ya wino katika daftari safi. Nakala za wino zimekuwa madoa ya buluu. Penseli haiyeyuki majini, kwa hiyo tulizoanika uani kwa siku tatu na kuzipata ni tungo kabla hazijasafishwa: vina vilivyokatwa, mizani iliyozidi, neno lililojaribiwa mara nne pembeni mwa ukurasa. Katika shairi moja la beti tisa, ubeti wa saba hauna kituo. Ameacha nafasi ya mstari. Bila shaka alikwisha kuujaza katika nakala ya wino. Ndugu zangu wamenitaka niujaze mimi, tulichape. Mpaka leo sijaujaza.