Chuo Kisicho na Msitu

Ashukaye matatu katika barabara ya Port Reitz, Changamwe, hulakiwa na sauti kabla ya kuona kitu. Ni tezo zinazogonga magogo kwenye mabanda ya Akamba Handicraft, chama cha ushirika cha wachongaji kilichoanzishwa mwaka 1963. Hapana bango lisemalo kwamba hapa ni chuo. Hata hivyo, kijana anayeletwa na mjomba wake kutoka Ukambani huanza kwa msasa. Hulainisha migongo ya twiga waliochongwa na wengine, mwezi baada ya mwezi. Kisu huja baadaye, na tezo baadaye zaidi. Hulala chumba kimoja na watu wa kwao, hupika kwa zamu, na usiku husikia makosa yake yakijadiliwa kana kwamba hayupo. Chuo cha bweni ni kipi, kama si hiki?

Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uchongaji huu, aliupata ujuzi wake kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaopenda kuigawa sanaa kwa makabila na walitafakari hilo.

Huko Marekani, mwaka 1971, Dale Chihuly pamoja na John na Anne Hauberg walianzisha Pilchuck, shule ya sanaa ya vioo, ndani ya shamba la miti kaskazini mwa Seattle. Wanafunzi huishi humo majira ya kiangazi. Miti iliyowazunguka ni kivuli na utulivu; malighafi yao asili yake ni mchanga, na chombo kikivunjika, kioo chaweza kuyeyushwa upya. Changamwe mambo ni kinyume. Malighafi ni mti wenyewe, na sikio la swala likikatika halirudi. Msitu nao haupo karibu. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, muhugu vilevile, na tezo haikungoja.

Ndipo katika miaka ya 1990 WWF, UNESCO na Bustani ya Kew zilipowahimiza wachongaji wa Kenya wautumie mwarobaini, mti ukuao upesi hata uani mwa nyumba za Pwani. Ushauri ulikuwa mwema, lakini haukuwa mwepesi. Mnunuzi alikwisha kuzoezwa kwamba thamani ni weusi, hata wapo waliopaka miti myeupe rangi ya viatu ili ifanane na mpingo. Aidha, mkono uliofunzwa na mpingo hauna budi kufunzwa tena. Mwarobaini mbichi hukubali kila unaloutaka, kisha hukuadhibu.

Alasiri moja kijana alimpelekea mzee wake kifaru, kazi yake ya kwanza kamili. Ufa ulikuwa umepita kuanzia bega hadi tumboni.

“Shikamoo mzee. Nimekosea wapi? Tezo?”

“Marahaba. Tezo yako haina kosa.” Mzee alikigeuza kifaru, akakinusa. “Gogo hili lilikatwa lini?”

“Juma lililopita.”

“Na nani alikwambia limekauka?”

Kijana hakujibu. Mzee alimrudishia kifaru, akamwonyesha magogo yaliyopangwa kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa nta, kisha akaendelea na kazi yake.