Gamba la chini ya maji

Ukitaja neno "gamba" mbele ya Watanzania wa rika letu, akili inakimbilia mwaka 2011, wakati chama tawala kilipotangaza kwamba kinajivua gamba na vijiwe vyote vya kahawa vikapata ajira ya kujadili nani ni gamba na nani ni nyoka. Leo nimechoka na siasa. Gamba ninaloliandika ni lile lenyewe, gumu, jeupe, linalokwaruza goti ukipanda mashua vibaya, na ambalo halivuliwi kwa mkutano wa Dodoma.

Nianze mbali kidogo. Mwishoni mwa Desemba 2022 meli ya kitalii iitwayo Viking Orion, yenye nafasi ya abiria 930, ilikuwa ikizunguka New Zealand na Australia. Watu wamelipa pesa zao, wamepiga picha, wanangoja kushuka. Meli ikaruka Christchurch. Ikaruka Dunedin. Ikaruka Hobart. Ilipokaribia Adelaide ikaambiwa isubiri nje. Sababu haikuwa kimbunga wala ugonjwa, ni uoto na viumbe vya baharini vilivyojishika kwenye tumbo la meli. Wapiga mbizi wakaenda kulisugua huko huko baharini, na abiria wakakanyaga nchi kavu Melbourne Januari 2, 2023. Mwaka mpya wameula wakiitazama Australia kwa mbali.

New Zealand hawana mchezo na jambo hili. Tangu Mei 2018 wana sheria kwamba chombo chochote kutoka nje kinafika na tumbo safi au kinajieleza. Wanaogopa wageni wasioalikwa: kiumbe kinapanda meli bandari moja, kinashuka nyingine, kinazaa, na baada ya miaka michache mfuga kome analia.

Sasa, kwa nini mwandishi wa Dar es Salaam anahangaika na matumbo ya meli za watu? Kwa sababu niliposoma habari hiyo nilimkumbuka nahodha mmoja wa Kilwa Masoko, ambaye hana abiria 930, ana mashua moja na deni moja, na gamba ni lile lile.

Kwanza tumfahamu mshitakiwa. Ukitazama nguzo ya gati maji yakitoka utaona vitu vyeupe kama milima midogo ya volkano, vimebanana kama abiria wa Mbagala saa 12 jioni. Wengi tunadhani ni aina ya konokono au chaza. Siyo. Ni jamaa wa kaa na kamba. Akiwa mtoto anaelea baharini huru kabisa. Baadaye anafikia hatua ambayo hali kitu, kazi yake ni moja tu, kutafuta kiwanja. Anatembea juu ya jiwe, nguzo, gamba la kasa au ubao wa jahazi, anapima kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, na akiridhika anajigundisha kichwa chini kwa gundi yake mwenyewe. Anajenga kuta, na kuanzia hapo anaishi akiwa amesimamia kichwa na kula kwa miguu, anaitoa nje kuchota vijidudu vinavyopita. Hahami tena mpaka afe. Charles Darwin alimchunguza kiumbe huyu kwa miaka 8, kuanzia 1846 hadi 1854, na inasimuliwa kwamba mmoja wa wanawe alidhani kila baba duniani ana kazi hiyo, akauliza baba wa jirani huyafanyia wapi magamba yake.

Mmoja peke yake hana madhara. Shida ni kwamba anapenda majirani, na tumbo la chombo linalotakiwa kuteleza linageuka jiko la kukunia nazi. Mwaka 2007 Michael Schultz wa Chuo cha Wanamaji cha Marekani alikokotoa kwamba meli ya kivita iliyovamiwa sana na magamba itahitaji nguvu ya injini asilimia 86 zaidi ili iende mwendo wake ule ule wa kawaida. Hata ule utelezi tu wa kijani, ambao mimi na wewe tungeuona si kitu, unakula mafuta.

Nahodha wangu wa Masoko hajasoma Schultz, lakini hesabu anayo. "Mwanangu, mashua ikiwa nzito naijua kabla sijainama kuitazama," aliniambia. "Mashine inalia vilevile, ila minara ya Kisiwani haisogei." Anavua dagaa usiku kwa taa, na mchana, akipata wageni, anawapeleka Kilwa Kisiwani au Songo Mnara kuona magofu. Mashine alikopeshwa na tajiri anayenunua samaki wake, na makubaliano ni kwamba mzigo wote unapita kwa tajiri huyo mpaka deni liishe. Petroli anainunua mwenyewe. Kwa hiyo kila gamba linaloota chini ya mashua linakula upande wake, upande wa tajiri haliugusi.

Nikamuuliza swali la mtu wa mjini: kwa nini usiyakwangue kila wiki? Akacheka, akanionyesha mwezi.

Hili sikulijua kabisa, na nadhani wengi wenu hamlijui. Huwezi kuilaza mashua kubwa ufukweni siku yoyote unayojisikia. Unahitaji bamvua, yale maji makubwa yanayojaa sana na kutoka sana, ambayo pwani hii yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakiwa juu unaileta mashua karibu, yakitoka inabaki imepwelea kwenye mchanga, unaiegemeza ubavu, na una saa chache za kufanya kazi kabla bahari haijarudi kuidai. Wakati wa maji mafu bahari haishuki vya kutosha. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Lakini usiku wa giza ndio usiku wa dagaa! Taa inawavuta kwa sababu hakuna mwezi wa kushindana nayo. Hakuna mvuvi mwenye deni atakayeilaza mashua yake wiki ya giza. Inabaki bamvua moja tu, ya mwezi mpevu. Ikikupita kwa msiba, kwa homa, au kwa sababu fundi hayupo, unasubiri mwezi mzima, na katika maji ya joto kama yetu wiki chache zinatosha magamba kujenga mtaa. Bamvua lililotangulia lilimkuta mazikoni Kivinje. Nilipomkuta alikuwa anabeba mzigo wa miezi miwili chini ya miguu yake.

Wazee wa pwani hawakuwa wajinga katika jambo hili. Walikuwa na dawa yao: unakwangua, unapitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao kuua mdudu anayetoboa (huyo ni mwingine, na ni mbaya kuliko gamba, maana gamba linakuchelewesha na yeye anakuzamisha), unakalafati kwa pamba penye upenyo, halafu unapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ndiyo maana jahazi la zamani lilikuwa jeupe chini. Haikuwa urembo. Juu ya mkondo wa maji ikapakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake ukiipata mara moja huhitaji kukumbushwa. Chokaa na shahamu havikai sana. Vinaliwa, vinachubuka, unarudia.

Nimekuwa nikiiwaza Kilwa yenyewe kwa jicho hilo. Shuleni tulifundishwa dhahabu ya Sofala, Husuni Kubwa, msikiti mkubwa na ziara ya Ibn Battuta mwaka 1331. Hatukufundishwa kwamba biashara yote ile ilikuwa mashindano na kalenda. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba, kusi ikavirudisha. Kilwa iko karibu na mwisho wa umbali ambao chombo kingeweza kufika na kurudi katika msimu mmoja, na hiyo ni sababu moja inayotajwa ya mji huo kuwa pale ulipo na si kusini zaidi. Sasa jiweke kwenye nafasi ya nahodha wa wakati huo mwenye tumbo la chombo lililojaa magamba. Huchelewi siku mbili. Unaikosa pepo, unakaa ugenini miezi. Unaoa, labda. (Sitashangaa kama baadhi ya koo za pwani zina gamba katika nasaba yao.)

Na Wareno nao. Vasco da Gama, kabla hajaonekana Mombasa wala Malindi mwaka 1498, alisimama siku 32 karibu na Quelimane, katika Msumbiji ya leo, na sehemu kubwa ya shughuli ilikuwa kulaza meli zake na kuzisafisha matumbo. Miaka 7 baadaye, 1505, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa. Vitabu vinazungumza sana juu ya mizinga. Mizinga ilifika kwa sababu kuna mtu alikwangua.

Baada ya hapo wakubwa wa dunia walitafuta njia ya kutokukwangua. Waingereza waliivika manowari yao HMS Alarm mabati ya shaba mwaka 1761. Magamba yakakoma kweli, lakini shaba na misumari ya chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi, chuma kinaliwa, na iliwachukua miaka kupata ufumbuzi. Karne ya 20 ikaleta rangi zenye sumu ya bati, zikawa muujiza. Meli zikaenda miaka bila gamba. Kisha katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wakaanza kuota magamba mazito yasiyo na umbo na kushindwa kuzaana, na kwingineko konokono wa kike wa baharini wakaonekana wameota viungo vya kiume. Ufaransa ikaizuia rangi hiyo kwa boti ndogo mwaka 1982, Uingereza ikafuata 1987, na mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku, uliopitishwa 2001, ukaanza kutumika Septemba 2008. Rangi nyingi za baada ya hapo zinategemea shaba, ambayo nayo si maziwa. Ni sumu pia, ila ya daraja la chini.

Nilikuwepo mashua ilipolazwa. Vijana wanne, vyuma vya kukwangulia, viroba, na mzee fundi mmoja ambaye hakusema neno mpaka walipokosea. Magamba yanatoa sauti yakikwanguliwa, kama mtu anatafuna karanga karibu na sikio lako. Chini ya magamba kulikuwa na rangi nyekundu, kuukuu, iliyonunuliwa Dar ikiwa imeshapunguzwa na kutiwa kwenye kopo lisilo na maandishi. Ikawa inatoka pamoja nayo, vipande vyekundu na vyeupe juu ya mchanga.

Na hapo ndipo nilipoacha kuandika kwenye daftari. Maji yalikuwa yametoka mbali, na kwenye mchanga ule ule, hatua chache kutoka pale, walikuwa wanawake wameinama na vikapu wanaokota chaza na makome, na watoto wanachokora mashimo ya pweza. Hii ndiyo mboga ya nyumba nyingi siku ambayo hakuna mashua iliyoleta kitu. Unga mwekundu ulikuwa unangoja maji yarudi uende nayo.

Nikamwambia mzee fundi, kwa adabu, "Shikamoo mzee, hii rangi haiwadhuru wale?" Akaitikia salamu, akatazama, akasema shahamu ilikuwa haina neno, mbuzi akifa alikuwa anakula mtu na kinachobaki kinapakwa chombo. Ila shahamu unarudia kila mara, na rangi inakaa. Nahodha akadakia kwamba akirudia kila mara nani atamlipia siku za kulala?

Jibu sina la kumpa mtu mwenye deni. Lakini naona tofauti moja. Viking Orion ilipokuwa chafu, serikali mbili zilijua, ikabaki nje mpaka isafishwe. Septemba 2023 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi pale pale Kilwa Masoko, bandari ya kupokea meli kubwa za uvuvi wa bahari kuu, na meli ndogo za kitalii nazo hutia nanga kuleta wageni kwenye magofu. Nani atainama kutazama matumbo yao? Na kazi ya kukwangua ikiongezeka, uchafu utakusanywa wapi? Turubai moja la plastiki lililotandikwa chini ya mashua, wakati wa kukwangua, lingekamata sehemu kubwa ya unga ule. Halihitaji mkataba wa kimataifa. Nilimtajia nahodha, akasema turubai analo, analifunikia mashine, na siku ile lilikuwa limeazimwa kwa ajili ya msiba.

Kazi iliisha maji yakiwa yameshafika kwenye mkuku. Walipaka koti moja tu, kwa sababu kopo la pili halikuwepo na bahari haikopeshi saa. Upande wa pili ulibaki bila rangi kabisa, mbao tupu. Nilimuuliza atafanyaje, akaniambia upande ule ataupaka shahamu mbalamwezi ijayo, mbuzi akipatikana.