Wageni wa Januari pale Kivukoni

Baada ya sala ya Alfajiri nilimchukua mwanangu hadi Kivukoni. Maji yalikuwa yamekupwa, pantoni ya Kigamboni ikipiga honi, na sokoni mnada wa samaki ulikwisha kupamba moto. Kunguru walitanda juu yetu. Hao ni wageni waliogeuka wenye mji, jamaa zao wakiwa Zanzibar tangu miaka ya 1890. Sisi tuliwafuata vitwitwi, ndege wadogo wa rangi ya mchanga wanaokimbia ukingoni mwa maji mithili ya watoto waliotoroka chuoni. Baadhi yao huzaliwa Siberia.

Mwanangu alihesabu 31. Juma lililofuata tukapata 9.

“Baba, wamekufa?”

Nilitazama bahari kabla ya kumjibu: safari hii maji yalikuwa yamejaa. Maji yakijaa, vitwitwi huacha ufuko na kukusanyika mahali pakavu. Wahesabuji wenye ujuzi huwasubiri huko huko, nao huhesabu kila Januari, wageni wakiwa wamekwisha kutulia. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza mwaka 1967. Ya Afrika, 1991. Mwaka mmoja pekee hausemi mengi. Bata wahamao, ambao hupendelea maziwa na mabwawa ya bara, huweza kuhama ziwa lililokauka wakaonekana kama wametoweka. Miaka 20 ya hesabu mahali pale pale ndiyo hutoa ushahidi.

Katika pwani yetu hufika pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu huzaliana kwenye fukwe za Oman na Ghuba, hutaga ndani ya shimo mchangani, kwa kawaida yai moja tu. Kinda lake huvuka bahari pamoja na mzazi, na likifika huku bado huomba kulishwa.

Chakula hicho kimo topeni. Tulipita daraja la Salander, Mto Msimbazi unapoingia baharini, tukaona tope jeusi lililofunikwa chupa na mifuko. Vitwitwi wanne walidonoa katikati ya takataka hizo.

Mwanangu ameandika daftarini: tarehe, saa, maji yamekupwa, 4. Ameacha nafasi ya Januari ijayo.